Okidi Iliyoangusha Maua Haijafa: Namna ya Kuitunza Nyumbani Hadi Ichanue Tena

Kila mwaka, Krismasi, Siku ya Wapendanao na Siku ya Akina Mama huacha vyungu vya okidi katika nyumba nyingi za Kaunti ya Kiambu. Ni zawadi ya heshima: majani mapana ya kijani, na shina jembamba lililojipinda likibeba maua meupe, ya waridi au ya zambarau yanayodumu miezi miwili hadi mitatu. Bei yake hufika maelfu ya shilingi. Kisha maua huanguka moja baada ya jingine, shina hubaki uchi, na chungu kizima huishia kwenye pipa la taka pamoja na maganda ya viazi.

Mara nyingi mmea huo uliotupwa ulikuwa mzima. Ulikuwa umemaliza msimu wake tu, kama mwembe unavyomaliza wake. Okidi ya aina hii, ambayo wengi huiita okidi nondo, huweza kuishi miaka mingi na kuchanua kila mwaka. Tena sehemu kubwa ya Kiambu ina kitu ambacho wakulima wa maua wa Uholanzi hukilipia kwa mitambo ya kupoza vyumba: baridi ya wastani inayokuja yenyewe katikati ya mwaka. Kinachoua okidi nyingi majumbani si baridi wala ukame. Ni maji mengi, yanayomwagwa kwa nia njema.

Mmea uliozaliwa juu ya mti

Asili ya okidi nondo ni misitu yenye joto na unyevu ya Asia, kuanzia India na kusini mwa China hadi Ufilipino, Indonesia na kaskazini mwa Australia. Mtaalamu wa mimea Carl Ludwig Blume ndiye aliyeipa jamii hii jina la Phalaenopsis mwaka wa 1825, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya mfano wa nondo, kwa kuwa maua yake hufanana na nondo waliotandaza mbawa.

Huko kwao haimei ardhini. Hujishikiza kwenye magome ya miti mikubwa, majani yakiwa yameinama upande ili mvua iteleze. Hainyonyi mti uliouhifadhi. Mizizi yake huning'inia hewani, imevikwa ngozi nyeupe kama sponji inayofyonza maji ya mvua kwa dakika chache, kisha hukauka kwa upepo hadi mvua nyingine.

Mwenye kuelewa hilo ameelewa nusu ya kazi. Mizizi ya okidi inahitaji hewa kama inavyohitaji maji. Ikipandwa katika udongo mwekundu wa shambani, hata uwe na rutuba kiasi gani, hukosa pumzi na kuoza. Ndiyo maana chungu cha dukani hujazwa vipande vya magome ya miti au makumbi ya nazi, na kwa kawaida huwa cha plastiki inayoonyesha ndani. Plastiki hiyo si urembo. Ni dirisha la kuangalia mizizi.

Rangi ya mizizi ndiyo saa ya kumwagilia

Vibandiko vya dukani husema mmea umwagiliwe mara moja kwa wiki. Ushauri huo si mbaya, lakini wiki ya Februari mjini Thika si wiki ya Julai kule Limuru. Kipimo bora kiko ndani ya chungu. Mizizi yenye maji huwa ya kijani. Ikikauka hugeuka rangi ya fedha au kijivu cheupe. Mizizi mingi ikiwa ya kijivu na chungu kikiwa chepesi kinaponyanyuliwa, ni wakati wa maji. Ikiwa bado ni ya kijani, mmea uachwe. Katika miezi ya joto na ukavu, Januari na Februari, huenda ikawa kila baada ya siku tano au sita. Katika ubaridi wa Julai huenda zikapita siku kumi au hata kumi na mbili.

Kumwagilia kwenyewe kufanywe asubuhi. Chungu kipelekwe kwenye sinki au beseni, maji yasiyo ya baridi kali yapitishwe juu ya magome kwa takriban dakika moja hadi yatiririke chini, kisha chungu kiachwe kichuje kwa robo saa kabla ya kurudishwa mahali pake. Kijiko cha maji kila siku hakifai: hulowesha juu tu na kuacha mizizi ya ndani ikiwa mikavu, au huweka unyevu usioisha. Vipande vya barafu vinavyopendekezwa kwenye baadhi ya vibandiko havihitajiki pia.

Hatari kubwa ni chungu cha pili, kile cha kauri chenye rangi ya kupendeza ambacho cha plastiki hutumbukizwa ndani yake. Vingi havina tundu. Maji hukusanyika chini bila kuonekana, na mizizi hukaa ndani ya maji hayo kwa siku kadhaa. Mwenye okidi hushangaa kuona majani yakilegea na kukunjamana. Anadhani ni kiu, anaongeza maji, na mmea unamalizika.

Majani yaliyokunjamana yanaweza kuwa na maana mbili zinazopingana, na jibu liko kwenye mizizi. Ikiwa ni ya kijivu lakini migumu inapobonyezwa, mmea una kiu kweli. Ikiwa ni ya kahawia, laini, na ngozi yake inavuliwa kama soksi ikibaki kamba nyembamba, imeoza, na mmea umekosa midomo ya kunywea. Dawa ya hali hii ya pili ni kuutoa mmea, kukata mizizi yote iliyooza kwa makasi yaliyopitishwa kwenye moto, na kuupanda upya katika magome mapya makavu kiasi. Uwekwe mahali penye kivuli chepesi na kumwagiliwa kwa uchache hadi mizizi mipya itokeze. Itachukua miezi, na si kila mmea utapona, ila mwenye mizizi mitatu minne mizima ana nafasi nzuri.

Maji yasiachwe pia katikati ya majani. Okidi nondo hukua kutoka kilele kimoja tu, na jani jipya hutoka hapo. Maji yakilala hapo usiku wa baridi, kilele huoza na hakuna jani jingine litakalotoka. Tone lililoingia lifyonzwe kwa kipande cha karatasi ya shashi.

Aina ya maji nayo ina uzito wake. Mitaa mingi ya Ruiru, Juja na Thika hutumia maji ya visima virefu, na baadhi yake yana chumvi. Chumvi hiyo hubaki kwenye magome kama ukoko mweupe na kuunguza ncha za mizizi. Maji ya mvua ndiyo bora kuliko yote. Mwenye tangi la kukinga mvua ya paa anaweza kutenga ndoo moja kwa ajili ya mimea, baada ya mvua za kwanza kuosha vumbi la mabati. Maji ya mfereji yenye harufu ya dawa yaachwe wazi kwenye ndoo usiku kucha kabla ya kutumiwa.

Dirisha la upande gani?

Vitabu vingi vya bustani viliandikwa Ulaya na Marekani, na husema okidi ipewe dirisha la kusini lililofunikwa kwa pazia. Ushauri huo haufai kunakiliwa Kiambu. Kaunti iko karibu nyuzi moja tu kusini mwa Ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la mchana hupita upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki hupita upande wa kusini. Dirisha la kaskazini ambalo halina jua Desemba huwa na jua Juni.

Dirisha la mashariki ndilo lisilobadilika. Hupata jua pole la asubuhi mwaka mzima, kisha mwanga usio wa moja kwa moja hadi jioni. La magharibi hufaa likiwa na pazia jepesi, kwa kuwa jua la saa tisa alasiri huchoma jani na kuacha doa jeupe lisilopona.

Katika ghorofa zilizobanana, kama zile za Ruaka, tatizo huwa kinyume: mwanga ni hafifu. Upo mtihani rahisi. Saa sita mchana, mkono unyanyuliwe takriban sentimita 30 juu ya majani. Kivuli kikionekana kwa kingo zisizo kali, mwanga unatosha. Kikikatika wazi kama kwa wembe, umezidi. Kisipoonekana kabisa, okidi itaishi lakini haitachanua. Majani nayo husema. Kijani kizito kinachokaribia weusi, ambacho wengi hukisifu, ni dalili ya giza. Kijani cha wastani kama cha tufaha ndicho kinacholeta maua.

Baridi ya Juni hadi Agosti ni rafiki

Swali linaloulizwa sana ni hili: mbona okidi ina afya, inatoa majani, lakini haitoi maua? Jibu mara nyingi ni mwanga mdogo, au joto lisilopungua. Okidi nondo husubiri ishara, na ishara yenyewe ni kipindi cha ubaridi. Ikikaa katika joto la nyuzi 28 na zaidi, huendelea kutoa majani tu. Ikipata wiki nne hadi sita za usiku wenye nyuzi 15 hadi 18, na mchana usiozidi 25 hivi, huanza kusukuma shina la maua. Ndiyo sababu okidi iliyochanua vizuri Kiambu ikipelekwa kwa jamaa Mombasa inaweza kunenepa majani na kukaa muda mrefu bila ua.

Kwa wakazi wa Thika, Juja, Ruiru na Kiambu mjini, msimu wa mawingu wa Juni hadi Agosti hutoa ishara hiyo bure. Kazi ya mwenye nyumba ni kutoizuia: okidi isihamishiwe jikoni au karibu na jiko la makaa kwa kuihurumia. Ibaki dirishani, ipate mwanga wote uliopo, na maji yapunguzwe.

Limuru, Tigoni na Lari ni habari nyingine. Huko usiku wa Julai joto la nje huweza kushuka chini ya nyuzi 10, na okidi ya misitu ya joto haivumilii hayo. Majani hupata madoa yaliyobonyea kana kwamba yamepigwa, na vichipukizi hukauka. Wakazi wa maeneo hayo wanashauriwa kusogeza chungu mita moja mbali na kioo ifikapo jioni, na kutokiacha kati ya pazia na kioo, mahali palipo baridi kuliko pote chumbani. Ubaridi wa ndani ya nyumba unatosha kuamsha mmea.

Mwishoni mwa Julai au Agosti, chini ya jani la pili au la tatu kutoka juu, kitu kidogo cha kijani kitachungulia. Huenda ni mzizi, huenda ni shina la maua. Mzizi una ncha ya mviringo inayong'aa na huelekea chini. Shina la maua lina ncha bapa, iliyogawanyika kidogo kama glavu ya mtoto, na hupanda juu. Kuanzia hapo ni miezi mitatu hadi minne kabla ya ua la kwanza, hivyo shina la Agosti linaweza kuwa limejaa maua Krismasi ikifika. Shina lifungwe taratibu kwenye kijiti, na chungu kisizungushwe tena, kwa sababu maua hujipanga kuelekea mwanga na yakigeuzwageuzwa hupindana ovyo.

Vichipukizi vinapoanguka kabla ya kufunguka

Hakuna linalokatisha tamaa kama kungoja miezi mitatu kisha kuona vichipukizi vikigeuka manjano na kudondoka. Upepo wa mlangoni, kuhamishwa ghafla na mizizi kukauka kupita kiasi vyote husababisha hali hiyo. Lakini kuna kisababishi ambacho watu hawakifikirii: sinia la matunda. Ndizi, parachichi na maembe yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, ile ile inayofanya ndizi mbichi ziive zikifungiwa pamoja na zilizoiva. Gesi hiyo huambia ua kwamba muda wake umekwisha. Moshi wa makaa na wa kuni una gesi hiyo pia. Meza ya chakula, basi, yenye okidi katikati na ndizi pembeni, inapendeza kwenye picha lakini si mahali pa kuacha mmea wenye vichipukizi.

Shina la zamani likatwe wapi?

Maua yakiisha, shina litazamwe. Likiwa la kahawia na kavu, likatwe karibu na majani. Likiwa bado la kijani, njia ni mbili. Mmea wenye majani manne au zaidi yaliyo magumu unaweza kukatwa shina lake juu kidogo ya kifundo cha pili au cha tatu kutoka chini. Mara nyingi tawi jipya huchipuka hapo baada ya miezi miwili au mitatu na kutoa maua machache, madogo kuliko ya kwanza. Mmea dhaifu, au uliopoteza mizizi, ukatwe shina lote ili nguvu irudi kwenye majani. Pupa ya maua ya haraka imemaliza okidi nyingi changa, na kwa mtu anayetaka mmea wa miaka kumi, kukata shina lote ndio uamuzi mzuri zaidi.

Makasi yapitishwe kwenye moto kabla ya kukata mmea mmoja na kabla ya kwenda kwa mwingine. Virusi vya okidi huenezwa kwa utomvu, na havina tiba. Mizizi inayotoka nje ya chungu isikatwe. Ni mizizi mizima inayofanya kazi yake ya asili.

Mbolea na kubadilisha chungu

Okidi hula kidogo. Mbolea ya maji yenye uwiano sawa wa NPK, kama 20-20-20, ikorogwe kwa robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na kutiwa mara moja kila wiki mbili, mizizi ikiwa tayari imelowa. Mara moja kwa mwezi maji matupu yapitishwe kwa wingi kuosha mabaki. DAP, CAN na samadi ya ng'ombe zibaki shambani. Chembe chache za DAP kwenye magome zinatosha kuunguza mizizi yote.

Magome huoza na kushikamana, hivyo kila baada ya miaka miwili hivi mmea uhamishwe, maua yakiwa yameisha na ncha mpya za mizizi zikionekana. Asiyepata magome ya dukani anaweza kutumia vipande vya magome ya msonobari vilivyochemshwa na kukaushwa, vyenye ukubwa wa kidole gumba, akichanganya na vipande vya mkaa wa kuni ambao haujawahi kuwashwa. Mkaa wa kufinyangwa haufai. Chungu kipya kisiwe kikubwa. Kinachotosha mizizi kwa kubana kidogo ndicho sahihi. Kopo la plastiki inayoonyesha ndani, lililotobolewa matundu kumi au zaidi kwa msumari wa moto chini na pembeni, hufanya kazi vizuri kama chungu cha kununua.

Wakati wa kuhamisha ni wakati wa kukagua wadudu pia. Wadudu weupe kama pamba hujificha kwenye maungio ya majani na wale wa magamba hung'ang'ania chini ya jani. Wapanguswe kwa pamba iliyochovywa spiriti, na zoezi lirudiwe kila wiki kwa wiki nne. Koa hula ncha za mizizi usiku na hukamatwa kwa tochi.

Okidi za msituni ziachwe huko

Anayeipenda okidi ya dirishani huanza kuziona za msituni. Misitu ya nyanda za juu za Kenya ina okidi zake, zikiwemo za jamii ya Aerangis zenye maua meupe yenye mkia mrefu, ambayo hunukia usiku na kuchavushwa na nondo wenyewe, jambo ambalo okidi nondo inabeba kwa jina tu. Hazifai kung'olewa. Okidi zote duniani ziko kwenye orodha za mkataba wa kimataifa wa CITES unaodhibiti biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na kuchukua mimea katika misitu ya serikali bila kibali ni kosa. Isitoshe, okidi ya msituni hutegemea unyevu, kivuli na gome la mti wake, na aghalabu hufa ikihamishiwa sebuleni.

Wakazi wanaonuia kuagiza okidi kutoka nje ya nchi, hata moja ya zawadi kwenye mzigo wa msafiri, wanapaswa kupata kibali cha kuingiza mimea kutoka KEPHIS kabla mmea haujasafiri, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakotoka. Mmea usio na stakabadhi hizo huweza kuzuiliwa na kuharibiwa uwanjani. Kwa anayenunua hapa nchini, chungu kinyanyuliwe kwanza na mizizi itazamwe kabla ya maua: shina lenye vichipukizi ambavyo bado havijafunguka, majani magumu yasiyo na madoa katikati, na mizizi ya kijani au ya fedha iliyojaa chungu.